Isale Juu ya Mizani

Siku hizi lile duka linauza makava ya simu. Kijana mwenye spika mlangoni anaita wapita njia tangu asubuhi, na ukimuuliza Mangi alikwenda wapi atakuuliza Mangi gani, maana kwake yeye Kariakoo imejaa akina Mangi. Kusema kweli imejaa. Kwetu Dar mwenye duka yeyote aliyetoka Kilimanjaro ni Mangi, awe wa Machame au wa Rombo, awe na ghorofa au kibanda cha sabuni na kiberiti. Kwao lilikuwa jina la mtawala. Wetu hakutawala kitu zaidi ya mizani, na hapa sitampa jina lingine, kwa sababu mtaani hatukuwahi kuwa na lingine.

Mama alianza kunituma kwake kabla sijafika urefu wa meza ya kuuzia. Lilikuwa duka la nafaka na sukari kwenye mtaa mmoja wa nyuma ya Msimbazi, jumla kwa wenye mikokoteni, rejareja kwa sisi wa nyumba za jirani. Mangi alikuwa mrefu, mkavu, shati jeupe amelifunga vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto la mwezi wa pili, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Ukimwamkia aliitika marahaba bila kuinua macho, kisha akakuuliza habari za mama, na ilibidi ujibu sawasawa, kwa sababu kesho yake angemuuliza mama kama kikohozi ulichokisema kimepona.

Alijua tabia ya watoto. Akishapima sukari na kuifunga, alichota nyingine kidogo kwa vidole akakuwekea kiganjani. Aliiita ya njiani. "Ukila ya njiani," alisema, "ya mama itafika salama." Mpaka leo nikibeba kitu cha mtu naisikia sauti yake, na sikifungui.

Ila alikuwa bahili, tusidanganyane. Kamba za magunia alizifungua moja moja akazizungusha kuwa donge, na donge likawa kubwa kama kichwa cha mtu. Feni aliiwasha mteja akiingia, akaizima mteja akitoka, hata wateja wa jumla wakawa wanatania kwamba wanalipia upepo. Mtu huyohuyo, mtaani kukiwa na msiba, gunia la mchele liliteremka mlangoni kabla turubai halijafungwa, na aliyelisukuma kwa mkokoteni hasemi limetoka wapi. Wote tulilijua lilikotoka, kwa sababu halikuwa na kamba.

Sifa yake kubwa ilikuwa usuluhishi. Hakuwa mjumbe wala mzee wa baraza, na kanisani kwake alikaa benchi la nyuma. Lakini watu wakikosana, wa mtaa wa Gerezani kwenye vipuri au wa kwetu kwenye vitambaa, mwisho wa siku walielekezwa dukani kwa Mangi. Hakuwauliza nani kaanza. Aliwakalisha kwenye gunia moja, akawamwagia mchele kwenye ungo, akawaomba wamsaidie kuchambua mawe. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kusema mpaka mchele uwe safi. Yeye akaendelea kuuza kama hawapo.

Niliwahi kumshuhudia akimkalisha Mhindu wa duka la vitambaa la jirani na fundi cherehani wa barazani kwake. Walikuwa wamekosana kwa ajili ya gauni la harusi lililokatwa vibaya, kila mmoja anasema kosa ni la mwenzake, na kwa miezi walifanya kazi karibu kiasi cha kugusana viwiko bila kupeana hata habari za asubuhi. Wakachambua. Mhindu alikuwa na miwani minene, mawe yanampita. Fundi akawa anamtolea yale yaliyompita, mwanzoni kwa kisirani, baadaye kwa mazoea, na mchele ulipokwisha hawakuwa na hamu tena ya kueleza. Mangi akawaagizia chai. Alisema ugomvi ni kama mchele wenye mawe, usipoketi ukauchambua utakuvunja jino siku umealika wageni.

Sasa mtu kama huyo hakuwa anasema na mdogo wake wa tumbo moja.

Kwanza tuliona tu kwamba Desemba hasafiri. Mnaoijua Kariakoo mnajua mwezi huo unavyokuwa. Kuanzia katikati, maduka ya Wachagga yanafungwa moja baada ya jingine, mabasi ya Moshi yanajaa, nauli inapanda, na sisi tunaobaki tunawatania kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Wanacheka, wanakwenda. Masikini anakwenda, tajiri anakwenda, aliyefilisika anakopa ili aende, maana Mchagga asiyeonekana kwao Krismasi watu wanaanza kuuliza kama bado yupo hai. Wetu alibaki. Duka lake lilikuwa wazi mpaka mkesha, na siku yenyewe baada ya ibada alifungua mlango nusu. Mtaa ukasema ni tamaa ya hela. Hata mimi nilisema hivyo, na niliona nimesema kitu cha maana.

Kitu cha pili tulichokiona ni jani. Juu ya mizani kulikuwa na msumari, na kwenye msumari limening'inia jani refu lililofungwa fundo katikati, limekauka mpaka limekuwa rangi ya karatasi ya kaki. Hakulishika kamwe. Alipofuta vumbi, kitambaa kilizunguka pale kikapita. Alipopaka duka rangi, aliipaka kwa mikono yake na akaacha kipande cha ukuta nyuma ya jani kama kilivyokuwa, cha bluu ya zamani kwenye ukuta mweupe. Watu wa Kariakoo hawana haja ya kuambiwa. Walijua hiyo ni dawa ya biashara, na wapo walioinamia mizani wakijifanya wanasoma uzito ili waione vizuri.

Nyumba ile yenye duka ikauzwa ili ivunjwe ijengwe ghorofa, kama zote. Mangi alipata fremu upande wa pili wa mtaa na tukasaidia kuhamisha. Nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, sina kazi. Magunia yalikwenda, mizani ikaenda, donge la kamba likaenda, limebaki jani. Akaniita.

"Lichukue hilo, binti, ukalitundike kule juu ya mizani."

Nikamuuliza kwa nini asilichukue mwenyewe, mkono wake unafika na wangu unahitaji stuli.

"Wewe si wa kwetu," akasema. "Ukilishika wewe haihesabiki."

Nililibeba kwenye gazeti kama kifaranga, nikavuka barabara na pikipiki zinapiga honi, nikalitundika. Jioni nikamsimulia mama nikidhani nimepata habari mpya. Kumbe yeye aliijua siku nyingi. Alikuwa ameambiwa na binamu yake Mangi, dereva aliyeleta ndizi kwa lori kutoka Moshi na ambaye, akishashusha mzigo Mabibo, hupita mtaani kusalimia. Binamu huyo ndiye aliyelileta lile jani.

Wenyewe wanaliita isale. Ndiyo mmea wanaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, badala ya uzio. Na ndilo jani ambalo mtu aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea. Ukilipokea mkononi umesamehe, yamekwisha, huruhusiwi kuyafufua. Na kulikataa ni vigumu mno kwao. Mama alisema ni kama kumkatalia maji mtu anayekufa.

Kwa desturi yao nyumba ya baba huachiwa kitinda mimba, na wa katikati kama Mangi hutafuta maisha mjini. Hilo hakulilalamikia. Alikuwa amegawiwa kipande chake pembeni, na mama yao alipofariki alizikwa hapo, kwenye migomba, upande wa Mangi, kwa sababu mwenyewe mama aliomba. Msimu mmoja tu baadaye mdogo wake aling'oa masale ya mpakani akayapanda upya ndani ya kipande cha kaka yake. Hayakusogea sana. Yalisogea kiasi cha kulichukua kaburi. Mangi alipanda mlimani Krismasi akakuta ili amsalimie mama yake inabidi avuke kwa mtu. Wazee wa ukoo walimwomba avumilie, ardhi ni ileile na mama ni wao wote wawili. Akajibu kwamba hataomba ruhusa kwenye kaburi la mama yake, akashuka Dar, na hakupanda tena.

Baada ya miaka kadhaa mdogo mtu akatuma isale. Mangi hakulipokea. Wala hakuthubutu kulikataa. Alimwambia binamu aliweke anapotaka mwenyewe, binamu akaona msumari. Pale likakaa, halijapokelewa na halijarudishwa, na binamu akakatazwa kutaja habari zozote za kule juu, hata za mvua.

Nilimwomba mama aende akamkalishe Mangi kwenye gunia, amwekee ungo. Mama akaniambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ndivyo mtaa mzima ulivyofanya. Tulipeleka kesi zetu kwake, tukapatanishwa, tukanunua sukari, tukaliangalia lile jani, tukaenda zetu. Mganga hajigangi, tulisema, na tukaona inatosha.

Mimi nikasoma, nikapata nafasi ya kwenda Korea kwa shahada ya pili, mambo ya bandari na usafirishaji. Nilipokwenda kuaga, Mangi alinifungia maharage kilo mbili, akasema nisije nikaishi kwa tambi. Halafu akauliza ni Korea ipi, maana alisikia ziko mbili. Nikamwambia ya Kusini. Akauliza kama ni ndugu. Nikamwambia ni watu wamoja, lugha moja, waligawanywa, wakapigana, na sasa kuna mpaka usiovukwa.

"Nani alihamisha alama?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za mataifa makubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, lakini niliona siyo alichouliza.

Kule Seoul nilikaa chumba kimoja na binti wa Kikorea mpole, mwenye kucheka akiona ninavyokula samaki. Wana sikukuu ya mavuno, na ikikaribia mji wote unamiminika kwenda vijijini, barabara zinajaa magari mpaka hayaendi. Nikawa nacheka peke yangu dirishani, nikisema hawa nao wanakwenda kuhesabiwa. Mwenzangu akaniuliza ninachocheka, nikamweleza. Akasema babu yake hana pa kwenda, kijiji chake kiko upande wa Kaskazini, kwa hiyo kila sikukuu wanampeleka mpakani. Akanikaribisha.

Nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Nilikuta bustani. Kuna wauza aiskrimu, kuna bembea za watoto, na vijana wanapiga picha. Ukitembea kidogo ndipo unauona uzio, waya wa miiba juu yake, na mbele kuna mto na vibanda vya askari. Kwenye waya watu wamefunga vitambaa vya rangi, vingi mno hata sehemu nyingine waya hauonekani, kila kimoja kimeandikwa maneno ya mtu. Nilisimama pale, na jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa msumari wa Kariakoo.

Wazee walikuwa wametandika mikeka mbele ya jukwaa la mawe linaloelekea Kaskazini. Wanapanga matunda, samaki mkavu, wanamimina pombe ya mchele, wanasujudu mpaka paji la uso liguse chini. Babu alishikwa na wajukuu wawili ili aweze kuinama, na wawili hao hao ndio waliomwinua. Kisha akataka apelekwe kwenye uzio. Akashika waya, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye kwenye simu, na mara akawa mkali. Nikamuuliza mwenzangu anasema na nani.

"Na mdogo wake," akaniambia. Siku babu alipoondoka kwao na mjomba wake, alikuwa mtoto, na mdogo wake alikuwa amemvunjia kishada chake cha kurusha angani. Alinuna akakataa kumuaga. Alidhani wanarudi baada ya siku chache. Hajui kama huyo mdogo alikua, kama alioa, kama alikufa, na kila mwaka anamgombeza kwa kile kishada kwa sababu, alisema mwenzangu, ndiyo mazungumzo ya mwisho waliyokuwa nayo na hana mengine.

Tulipoketi kula, babu akaniuliza kupitia mjukuu wake kama kwetu tuna uzio. Nikamwambia hatuna, kwetu sikukuu ikifika kila mtu anakwenda kwao. Akafurahi kwa ajili yetu. Akasema basi kwetu hakuna anayebaki njiani.

Nilipaswa kuitikia tu, chakula kinapoa. Nikasema yupo mmoja.

Niliporudi Dar nilipata kazi kwa wakala mmoja wa forodha bandarini, na Jumamosi ya kwanza nikaenda dukani. Mangi alikuwa amezeeka. Shingo haikuijaza tena kola. Aliitika marahaba, akauliza kikohozi cha mama, akaniwekea gunia nikae, na akatoa ungo wake akawa anachambua huku namsimulia. Alipenda habari za pombe ya mchele. Alitaka kujua wanaimimina chini kabla au baada ya kunywa, akasema hata kwao mbege, pombe yao ya ndizi, huanza kumiminwa chini, wenyewe wa chini wanywe kwanza. Nikamsimulia uzio na vitambaa. Nikamsimulia kishada. Nikamsimulia swali la babu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia yupo mmoja."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Mteja aliita nje, hakumsikia.

"Hakukuuliza uzio wake ni wa nini?"

"Aliuliza. Nikamwambia wa majani."

"Akacheka."

"Hakucheka, Mangi."

Akarudi kwenye mchele. Alichambua sehemu ileile iliyokwisha kuwa safi. Baada ya muda akaniuliza kama yule mzee angefunguliwa njia angevuka. Nikamwambia angevuka kwa magoti. Akauliza, hata kama aliyefunga lango ni huyohuyo mdogo? Nikamwambia sidhani kama mzee yule angekumbuka kuuliza nani alifunga. Niliumia kumwambia, kwa sababu alikuwa mzee na mimi ni mtoto aliyekuwa akilamba sukari yake, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kusema naye hivyo.

Binamu wa ndizi alikuwa amejaribu mara moja kabla yangu. Alimwambia, pamoja na kukatazwa, kwamba mdogo wake siku hizi anasahausahau, aende mapema. Mangi alimjibu kwamba kusahau siyo ugonjwa mpya kwa yule bwana, alianza kwa kusahau mpaka ulipokuwa. Nilikuwepo. Tulicheka, Mungu atusamehe, kwa sababu alikuwa hachekeshi mara nyingi.

Desemba ile ikafika. Jirani zake wakaanza kufunga milango. Asubuhi moja nikielekea bandarini nilipita nikamkuta amevaa koti, begi dogo liko miguuni, na duka limefungwa ubao mmoja tu umebaki. Akaniomba niingie nisimame pale. Hakunieleza nifanye nini. Baadaye nimefikiri kwamba alitaka awepo mtu wa kuona.

Akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono, akalishika jani. Likakatika pale kwenye fundo. Akaokota kipande kilichoanguka kwenye mizani, akakiweka pamoja na kile kingine, akavifunga kwenye leso nyeupe, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aliniuliza kama nadhani limehesabika, maana limekatika mkononi mwake. Nikamwambia mimi si wa kwao, sijui, lakini nadhani limehesabika.

Mtaa ulipiga vigelegele alipovuka na begi lake. Fundi cherehani alisimama kwenye mashine. Mhindu wa vitambaa alimpa kanga ampelekee shemeji. Mama alilia, mimi nilichelewa kazini na sikujali, na siku nzima nikiangalia makontena yanavyoshuka nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa ajili ya ndugu zangu mwenyewe.

Alirudi Januari watoto wakiwa wanafungua shule. Niliposikia nikaenda jioni ileile. Rafu zilikuwa nusu tupu na magunia hayajaagizwa, na juu ya mizani, kwenye msumari uleule, palikuwa na isale. Lilikuwa bichi, la kijani kibichi kabisa, ncha tu ndiyo imeanza kugeuka njano. Fundo lake jipya.

Nikamwamkia. Akaitika, na safari hii aliinua macho. Akaanza kusimulia bila kuulizwa, polepole, kwa sauti ile aliyotumia kupimia.

Alifika mchana. Kabla hata ya nyumba aliyaona masale. Yalikuwa pale yalipokuwa zamani, enzi za baba yao, na kaburi la mama liko upande wake. Yalikuwa makubwa, yamempita urefu. Akasema mtu akipanda isale halimpiti urefu kwa mwaka mmoja wala miwili. Alisimama pale mpaka mkwe wa mdogo wake akatoka kumuuliza ni nani.

Mdogo wake alikuwa ameketi uani, amevaa sweta, ananawa mikono kwenye beseni. Alimkaribisha vizuri sana. Alimwita mgeni. Aliagiza mbege, akaimimina kidogo chini, akaionja kwanza yeye mwenyewe ndipo akampa, kama anavyopewa mtu ambaye bado hajazoeleka katika nyumba. Mangi akamwambia jina lake. Mdogo akafurahi, akasema ana kaka anaitwa hivyohivyo, yuko Dar, Kariakoo, ana duka. Akamchukua kwa mkono mpaka kaburini, akamwonyesha, akasema huyu ndiye mama yetu, mimi na kaka yangu wa Dar.

"Nikatoa leso," Mangi akasema. "Nikamwonyesha lile jani. Nikamwambia, umenitumia, nimepokea, nimelileta ulione."

Mdogo wake aliligusagusa, akacheka. Akasema isale likikauka namna hii halifai kitu, nani kakupa takataka hii. Akainuka kwa shida, hakutaka kusaidiwa, akaenda kwenye masale yale yale akakata bichi, akalifunga fundo kwa meno na mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa unatetemeka. Akampa. Akamwambia, wewe mgeni unarudi Dar, nitafutie kaka yangu, umpe mkononi. Ni mtu mgumu, usiondoke mpaka apokee.

Nje watu wa mikokoteni walikuwa wanabishania njia, na kwa kawaida Mangi angetoka kuwaamua.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ameshapokea." Alikuwa anaangalia mizani, siyo mimi. "Akasema hapana. Angepokea, angekuja."

Niliketi kwenye gunia nikalia, na yeye aliniacha nilie. Baadaye akainuka akachota sukari kidogo kwa vidole, akaniwekea kiganjani.

Mizani iliuzwa wiki chache baadaye. Isale alilitoa mwenyewe kwa mkono wake, akapanda basi la Moshi katikati ya mwezi wa pili, wakati ambao Mchagga yeyote wa Kariakoo hana sababu ya kwenda kwao.